Foronya, Mkoba na Pazia: Njia Ipi ya Kupanga Bei Inamlipa Fundi?

Kwa miaka kadhaa nilishona foronya za kudarizi kwa mkono nikiamini ndiyo kazi inayoniweka mjini. Zilikuwa hazikai mezani. Wateja walizisifu, na kila jozi niliiuza mara mbili ya gharama ya kitambaa na uzi, kama nilivyofundishwa na fundi aliyenishikisha cherehani. Siku moja nikaweka simu mezani, nikawasha saa ya kuhesabu muda, nikaanza jozi mpya tangu kukata mpaka kupiga pasi. Ilinichukua saa sita. Nikapiga hesabu pale pale kwa chaki, juu ya kipande cha kitambaa cheusi kilichokuwa kimebaki. Nilikuwa najilipa shilingi 1,500 kwa saa, na hapo bado sijatoa kodi ya fremu wala umeme. Nilipovitoa, zikabaki kama 800.

Foronya zilizokuwa zinasifiwa kuliko kazi zangu zote ndizo zilikuwa zinanila.

Mafundi wengi ninaowafahamu hapa Mwanza, kuanzia Igoma mpaka Kirumba, hupanga bei kwa moja ya njia tatu: wanazidisha gharama ya malighafi mara mbili, wanafuata bei ya jirani, au wanahesabu muda wao. Kila njia ina mahali pake. Tunaumia pale tunapochukua moja na kuitumia kwa kila kinachopita chini ya sindano. Kwa hiyo nitazipima zote tatu kwa bidhaa zile zile: jozi ya foronya za kudarizi, mkoba wa kitenge wenye bitana na zipu, na pazia la dirisha kubwa la sebuleni. Namba ninazotumia ni za mfano, zimekaribiana na za daftari langu. Bei za vitambaa hazitulii, basi weka zako.

Kwanza, saa moja yako ni shilingi ngapi?

Bila namba hii huwezi kulinganisha chochote, na mafundi wengi hawana.

Anza na matumizi ya mwezi ambayo yapo hata usiposhona kitu. Tuseme fremu mnashirikiana wawili na sehemu yako ni 40,000. Umeme wa LUKU 15,000. Sindano, mafuta ya mashine na fundi wa kuirekebisha 10,000. Ulinzi na taka 5,000. Bando la simu la kutuma picha kwa wateja 10,000. Halafu 20,000 ya kuweka pembeni, kwa sababu cherehani na ovaloki, mashine ya kufunga kingo zisitoe nyuzi, havidumu milele na siku vikifa utahitaji vingine. Jumla ni 100,000.

Sasa hesabu saa, na hapa uwe mkweli. Mimi nafungua fremu saa tisa kwa siku, lakini ninazoshona ni sita. Nyingine zinaliwa na wateja wanaokuja kujaribu nguo, safari ya Makoroboi kutafuta zipu ya rangi inayofanana, na umeme ukikatika. Siku 25 kwa saa sita ni saa 150. Gawanya 100,000 kwa 150, unapata karibu 700 kwa saa. Hiyo ni gharama ya kukaa tu.

Unataka kupeleka nyumbani kiasi gani kwa mwezi? Ukisema 300,000, kwa saa 150 ni 2,000. Jumlisha na ile 700. Saa yako ni shilingi 2,700.

Juu ya malighafi na muda naongeza asilimia kumi. Hiyo si mshahara. Inafidia kitambaa kilichokatwa vibaya, mkoba uliokaa miezi mitatu bila mnunuzi, na inasaidia mtaji ukue kidogo ili jora lijalo ulinunue bila kukopa.

Ukishapata namba yako, weka bidhaa zako pembeni kwa pembeni namna hii:

| Bidhaa | Malighafi | Muda | Malighafi mara mbili | Bei ya mtaani | Kwa kuhesabu muda |
|---|---|---|---|---|---|
| Foronya 2 za kudarizi | 9,000 | saa 6 | 18,000 | 20,000 | 28,000 |
| Mkoba wa kitenge | 8,500 | saa 2 | 17,000 | 12,000 | 15,500 |
| Pazia | 68,000 | saa 3 | 136,000 | 90,000 | 84,000 |

Kuzidisha mara mbili

Uzuri wake ni wepesi. Mteja anauliza bei umebana pini mdomoni, na unamjibu bila kutafuta kalamu. Ndiyo maana tulifundishwa hivyo.

Lakini tazama mstari wa foronya na wa pazia kwenye jedwali. Foronya ina kitambaa rahisi na kazi nyingi ya mkono, na njia hii inakupunja karibu 10,000 kwa kila jozi. Pazia lina kitambaa ghali, lakini kazi yenyewe ni mishono mirefu iliyonyooka, pindo la chini na utepe wa juu. Ukilizidisha mara mbili unamtajia mteja 136,000, anaitikia kwa adabu, anasema atarudi, na unamwona wiki ijayo pazia lake liko dirishani limeshonwa na mwingine. Njia moja imekupunja kwa mteja aliyenunua na imemfukuza yule ambaye angekulipa vizuri. Kinachozidishwa ni bei ya kitambaa, na bei ya kitambaa haijui wewe umekaa kwenye kiti saa ngapi.

Kuna jambo lingine linalotugusa sana Kanda ya Ziwa. Pamba inalimwa hapa hapa, Kwimba, Magu na Misungwi, lakini sehemu kubwa ya kitambaa kinachofika kwenye meza zetu kimetoka mbali na kinapanda pale dola inapopanda. Kitenge kikipanda kwa 1,000, ukizidisha mara mbili bidhaa yako inapanda kwa 2,000 ingawa kazi yako ni ile ile. Mteja haoni sababu, na kusema kweli sababu haipo.

Njia hii inafaa kwa vitu vidogo ambavyo malighafi na muda vinakwenda sambamba, na ambavyo umeshavipima mara moja ukajua havikudanganyi. Mkoba wangu uko karibu na hapo, 17,000 kwa 15,500. Vibana nywele vya kitenge na vishikio vya masufuria navyo nauza hivyo, na sina haja ya kuvifikiria tena.

Bei ya jirani

Hii ndiyo njia inayotumika zaidi, na sitaki kuidharau. Bei ya mtaani inakueleza kitu ambacho daftari lako haliwezi kukueleza: watu wako tayari kutoa nini. Kwenye pazia, hesabu yangu ilisema 84,000 na mtaa ukasema 90,000. Nikauza 90,000. Ile 6,000 ya ziada naihesabu kuwa ya haki, kwa sababu mkasi ukiteleza kwenye kitambaa cha 60,000 nitakayelipa ni mimi.

Shida inaanza bei ya jirani inapokuwa chini ya yako. Fundi anaogopa, anashuka, na hajui anashukia wapi. Jirani anayeuza mkoba 12,000 pengine anashonea barazani kwake na halipi fremu. Pengine ananunua vitenge kwa majora. Pengine naye hajawahi kupiga hesabu, na mtaji wake unaisha taratibu. Ukimfuata, umebeba na makosa yake.

Kwa hiyo nikanunua mkoba mmoja wa 12,000 nikaufungua. Nilivuta zipu, nikaugeuza ndani nje kwenye mwanga wa mlango. Hakukuwa na bitana. Hakukuwa na kitambaa cha kukazia, kwa hiyo ukiusimamisha unalala. Kingo hazikupita ovaloki na nyuzi zilishaanza kutoka. Zipu ilishikwa na mshono mmoja tu, na pale mkanda unapoungana na mwili wa mkoba, mahali panapobeba uzito wote, mashine ilipita mara moja bila kurudi. Simlaumu aliyeushona. Kwa 12,000 ule ni mkoba halali. Ila si mkoba wangu, na nilikuwa karibu kushusha bei yangu kwa ajili ya kitu tofauti kabisa.

Basi kabla hujaifuata bei ya jirani, geuza bidhaa yake ndani nje.

Kuna bei za mtaani ambazo fundi hapaswi hata kujaribu kuzifuata. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, mafundi wengi tulidhani mfuko wa kitambaa sasa utatulipa. Ikaingia sokoni mifuko mbadala ya kiwandani inayouzwa kwa mia chache. Hakuna mtu mwenye cherehani moja anayeweza kushindana na mashine ile. Nguo za kawaida ni hivyo hivyo: mteja akienda Mlango Mmoja akachambua mitumba, atapata gauni kwa hela ambayo kwako haitoshi hata zipu na bitana. Nilichojifunza ni kushona kile ambacho mtumba hauna, kama sare za harusi, kitenge kilichokaa kwenye mwili wa mtu fulani, au nguo ya mwenye kimo au unene usiopatikana kwenye marundo.

Mahali ambapo bei ya jirani inashinda njia zote ni sare za shule za msingi na marekebisho madogo. Shati jeupe na sketi ya bluu ni vile vile kila fremu, na mzazi anayejiandaa kwa Januari anapita kwa mafundi watano kabla hajatoa hela. Kupunguza suruali au kubadilisha zipu kuna bei inayojulikana mtaa mzima. Hapo usibuni chako. Fuata bei iliyopo, kisha kazana upunguze muda: kata sare za saizi moja kwa pamoja kabla msimu haujafika.

Kuhesabu muda

Njia hii inachosha mwanzoni. Unahitaji wiki mbili za kuandika: nimeanza saa ngapi, nimemaliza saa ngapi, nimetumia nini. Baada ya hapo unabaki na orodha yako ukutani na huhitaji kuhesabu tena mpaka bei za vitambaa zibadilike.

Mimi naitumia kujua bei ya chini kabisa. Malighafi pamoja na muda, kabla ya ile asilimia kumi, ndiyo mstari ambao sishuki chini yake. Mkoba ni 13,900. Foronya ni 25,200. Mteja akitaka chini ya hapo anataka nimsaidie kununua bidhaa yangu mwenyewe.

Lakini muda una mtego wake, nao ni kwamba mteja hanunui muda wako. Mtaa ulikuwa unalipa foronya 20,000, na kumwambia mtu kwamba nimezishona kwa saa sita hakumfanyi atoe 28,000. Nilikuwa na njia mbili: kuziacha, au kuibadilisha kazi yenyewe. Badala ya kudarizi foronya pande zote nne, nikaweka tawi moja la maua kwenye kona. Muda ukashuka hadi saa tatu, malighafi 8,500. Malighafi na muda ni 16,600, na kwa 20,000 sasa zinanilipa. Zile za kudarizi kote bado nashona, kwa oda tu, 28,000, na nusu inalipwa kwanza. Wanaoziagiza hawabishani sana, kwa sababu wamekuja wakijua wanachokitaka.

Kwa anayekuja na kitambaa chake, njia hii haina mpinzani. Hakuna malighafi ya kuzidisha, kuna hela ya ufundi tu. Gauni la mshono wa kawaida ni saa tatu, la mwenye harusi lenye shanga na mikunjo kifuani ni siku mbili, na mafundi wengi tunaacha pengo dogo mno la bei kati ya haya mawili. Hesabu na muda wa kuchukua vipimo na kurekebisha baada ya kujaribisha. Kwenye nguo za harusi marekebisho peke yake hufika saa mbili.

Oda kubwa na kuuza kwa maduka

Mtu akisema "nataka ishirini, nipe bei ya jumla", jiulize kama ishirini zinakupunguzia muda. Mikoba inapunguza sana. Nikishona kumi kwa mpigo, nakata matabaka yote pamoja, napiga zipu zote kumi mfululizo, halafu bitana zote, na kila mkoba unashuka kutoka saa mbili hadi saa moja na dakika kumi. Gharama inakuwa kama 11,650. Hapo nina kitu cha kumpunguzia mteja. Sare za harusi za akina mama ishirini hazipunguzi karibu chochote. Kila mwili una vipimo vyake, kila mmoja anakuja kujaribu siku yake, na wawili lazima wabadilishe mshono katikati. Nikipunguza bei hapo, nimeitoa mfukoni mwangu.

Maduka ni habari nyingine. Duka moja la mjini lilichukua mikoba yangu ishirini kwa mali kauli, yaani nilipwe ikishauzwa. Baada ya miezi mitatu nilirudishiwa kumi na miwili, upande mmoja umepauka kwa jua la dirishani. Sikuwa nimeandika chochote, kwa hiyo sikuwa na la kusema. Siku hizi anayelipa taslimu kwa mikoba niliyoshona kwa mpigo namuuzia 13,000. Wa mali kauli ni 14,000, kwa mwezi mmoja, na kwenye daftari tumeandika wote wawili kwamba ulioharibika dukani ni wa duka.

Na ukishaanza kuuzia maduka, usiwauzie wateja wako mezani kwa bei inayokaribia ya jumla. Mwenye duka anauza 18,000 ili alipe kodi yake. Akisikia kwako ni 15,500, hatarudi. Mkoba wenye bitana mimi nauza 18,000 popote ulipo, mezani kwangu, dukani, hata kwenye banda la Nane Nane pale Nyamhongolo, ambako gharama ya banda na usafiri vinakula sehemu ya ile tofauti.

Bei moja kwa watu wote?

Wapo wanaoangalia sura ya mteja ndipo wataje bei: mgeni aliyetoka hotelini ya kwake, mama wa sokoni ya kwake. Sikubaliani nao. Mwanza watu wanajuana. Mteja mmoja akigundua jirani yake amelipa pungufu kwa mkoba ule ule, umewapoteza wote wawili na shoga zao.

Ninachobadilisha ni namna ya kulipa. Akina mama wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, wana hela wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hawaendi ziwani, kwa sababu taa zao haziwavuti dagaa, na biashara inalala siku kadhaa. Mama wa Mwaloni akija mwezi ukiwa mpevu, nachukua kianzio kinachotosha malighafi, nashona, na anamalizia giza likirudi. Wateja wa Magu na Kwimba wanachangamka baada ya kuuza pamba, kuanzia katikati ya mwaka. Bei inabaki ile ile na mimi sikosi mteja.

Kupunguziwa bado watu wataomba, na wana haki ya kuomba. Juzi alikuja mama wa makamo akiwa na binti yake, ameshika mkoba wa bluu wa 18,000, anaupapasa bitana kwa kidole gumba. "Ng'wanawane," akaniambia kwa Kisukuma, yaani mwanangu, "mimi nina elfu kumi. Nipunguzie."

Zamani ningemuuzia kwa kumi na tano, kisha kumi na tatu, tukiwa tumevutana mpaka wote tumechoka. Nikachukua kitenge kile kile cha bluu nikamwonyesha. "Mama, huu ulioushika una bitana na una cha kukazia. Nikivitoa vyote viwili, nakushonea wa elfu kumi. Zipu ile ile, mkanda ule ule, na pale unapobeba uzito nitapiga mara tatu. Ila ukiuweka chini hautasimama." Huo unanigharimu malighafi 5,000 na saa moja na robo, jumla 8,375, kwa hiyo elfu kumi yake inanilipa.

Akaugeuza ule wa mezani ndani nje, akaangalia mshono, akamtazama binti yake. "Dagaa na nyanya vina haja gani ya kusimama?" akasema, akakaa kwenye benchi kusubiri.